Usiukate Mnazi Bado: Kuuguza Miti na Bustani Baada ya Kimbunga



Mwezi huu ukurasa wetu wa bustani unakwenda pwani, kule kaskazini mwa Cabo Delgado: Quissanga, visiwa vya Ibo na Matemo, Mucojo, Pangane, Mocímboa da Praia mpaka Palma. Wengi wetu hapa kambini tumetoka huko. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi, ambao wengine hata bahari hawajaiona, tunawaomba wasifunge jarida. Haya ya mnazi yanafaa pia kwa mchikichi, na mbele kidogo tutasema habari za mgomba, muhogo na mwembe.

Makala hii imeletwa na simu. Mama mmoja jirani yangu alipigiwa na mwanawe ambaye amerudi kijijini upande wa Quissanga kutazama shamba. Kijana akasema: "Mama, minazi imekaa vibaya. Mmoja hauna kichwa kabisa. Mmoja umepinda mpaka unakaribia kulala chini. Mitatu ina makuti machache, tena yamekatika-katika kama mtu amepita na mkasi. Kuna mtu hapa anataka magogo, analipa leo leo. Nikate?" Mama akamwambia ngoja, nitakujibu kesho. Akaja kwangu usiku na taa yake mkononi. "Nimwambieje, dada? Hela anaihitaji. Lakini ile minazi aliipanda marehemu baba yake."

Kabla sijampa jibu, nilimweleza yaliyotupata sisi wenyewe mwaka 2019.

YALIYOTUPATA

Mnakumbuka mwaka ule. Mwezi wa tatu kimbunga Idai kilipiga Beira. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili 2019, Kenneth kikaingia kwetu baada ya kupita karibu na Komoro, na upepo wa karibu kilomita 220 kwa saa. Watu 45 walifariki hapa Msumbiji. Ibo na Matemo karibu nyumba zote ziliharibika. Wazee wetu walikuwa wamezoea kusikia vimbunga vikienda kusini au Madagaska. Kama hicho, kwetu hakuna aliyekuwa amekiona.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na minazi 14. Asubuhi tulipotoka, minne ilikuwa imekwisha: miwili imeng'oka na mizizi, miwili imekatika shingo. Kumi iliyobaki ilisimama au kuinama, makuti yamening'inia kama ufagio uliolowa. Baada ya siku chache yakawa ya kahawia yote, kwa sababu ule upepo ulibeba chumvi ya bahari. Ungesema mtu kayachoma moto.

Mjomba alisema imekufa. Alikuwa na haraka, nyumba haina paa na watoto wanalala chini ya turubai. Bibi alikuwa ameenda kwa dada yake kupeleka rambirambi. Kabla hajarudi, mjomba alishaangusha miwili. Basi alipopasua kile kichwa, ndani tukakuta moyo wa mnazi mweupe, mbichi, unatoa maji. Ulikuwa mzima. Tuliula usiku ule, maana njaa ilikuwepo, na moyo wa mnazi ni mtamu. Bibi aliporudi hakuula. Akasema maneno haya tu: "Iliyobaki, msubiri makuti matatu."

Makuti matatu maana yake miezi mitatu, na sababu yake mtaiona hapa chini. Tukasubiri. Katika ile minane, sita ilitoa makuti mapya na miwili ilikufa kweli. Yaani bila yule bibi tungekata minazi sita mizima tukidhani tunasafisha shamba.

MNAZI UNAISHI WAPI?

Mwembe ukivunjika tawi, unachipua pengine. Mkorosho hali kadhalika. Mnazi hauna matawi. Uhai wake wote uko sehemu moja tu, pale juu katikati ya makuti, ndani kabisa. Hapo ndipo kila kuti na kila ua linapoanzia. Hapo pakifa, mnazi umekufa, hata kama shina lake ni zima kama nguzo. Hapo pakiwa hai, mnazi uko hai, hata kama makuti yote yameungua. Mchikichi na mtende ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana habari hii inafanana na ya baridi kule ughaibuni. Ndugu zetu waliopelekwa Texas, Marekani, wanakumbuka Februari 2021 ilipoingia baridi ya barafu. Miti ya jamii ya mitende barabarani na majumbani iliungua majani ikawa ya kahawia. Wengi walitaka kuikata mara moja. Wataalamu wa kilimo wa kule waliwaambia wangoje mpaka msimu wa joto, watazame kama jani la katikati litatoka. Baridi ya kwao na upepo wa chumvi wa kwetu vinaunguza majani kwanza. Swali ni lile lile: moyo uko hai au la?

Sasa tuhesabu. Mnazi wenye afya hutoa kuti jipya karibu kila mwezi, 12 hadi 14 kwa mwaka. Kichwa kamili kina makuti 30 na zaidi. Kwa hiyo mnazi uliopoteza makuti yote unahitaji miaka miwili au zaidi kukijaza kichwa chake. Na nazi je? Tangu karara lipasuke mpaka nazi ikomae ni karibu mwaka mzima. Tena ua lenyewe huanza kuumbwa ndani ya moyo miaka zaidi ya miwili kabla halijaonekana. Basi mti ukipata mshtuko leo, hasara ya nazi utaiona mwaka huu, mwakani na mwaka wa tatu. Usiseme "huu umekuwa tasa" ukauangusha. Bado unajiuguza.

Ukilinganisha na kupanda upya, mnazi mrefu wetu wa Afrika Mashariki unaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane. Mgonjwa anayepona katika miaka mitatu ni bora kuliko mtoto wa miaka minane. Hesabu ya nyumbani hiyo.

JINSI YA KUUPIMA

1. Tafuta kuti changa la katikati, lile ambalo halijafunguka, limesimama kama mkuki. Kwa mnazi mfupi, lishike ulivute taratibu. Likishikilia, kuna matumaini. Likichomoka kirahisi na chini yake linanuka uozo, moyo unaoza.

2. Kwa mnazi mrefu usipande. Shina lililopigwa na kimbunga laweza kuwa na ufa usiouona. Simama chini, tazama ule mkuki, na chagua alama, kwa mfano kuti la jirani yake. Andika tarehe kwenye daftari la mtoto. Rudi baada ya mwezi. Mkuki ukiwa umepanda juu au umefunguka, mnazi uko hai.

3. Fanya hivyo miezi mitatu. Usiposogea kabisa kwa miezi mitatu hata mitano, na kichwa kikaanza kuanguka, hapo kata.

JINSI YA KUUUGUZA

Makuti. Ondoa yale yaliyokauka kabisa au yaliyoziba moyo. Kuti lililovunjika lakini bado lina kijani liache, maana bado linaulisha mti. Tunajua makuti yanahitajika kwa paa, lakini ukivua mti mgonjwa makuti yake ya kijani ni sawa na kumnyang'anya mgonjwa uji.

Shina. Usilitie panga. Usikate vidato vya kupandia. Kidonda cha mwembe hufunikwa na gome jipya. Kidonda cha mnazi hakifungiki hata siku moja, kinabaki mlango wa uozo na wadudu. Usipige misumari wala usifunge waya.

Mnazi ulioinama. Kama ni mchanga, usimamishe katika siku za mwanzo kabla mizizi haijakauka. Uegemeze kwa miti mitatu, ufunge kwa kitambaa au kipande cha wavu wa zamani, ushindilie udongo. Kama ni mkubwa, usiuvute! Utakata mizizi iliyobaki. Rundika udongo na mchanga juu ya mizizi iliyo wazi na uuache. Kichwa chenyewe kitageuka kutazama juu, na mti utaendelea kuzaa ukiwa umepinda. Mmeiona mingi pwani ya namna hiyo. Mingi ina historia ya upepo.

Maji. Kwetu mvua zinakwisha Aprili au Mei, halafu ni kiangazi cha kusi mpaka Novemba, Desemba. Mnazi mkubwa utajitafutia. Mdogo upe ndoo moja au mbili kwa wiki. Zungusha makumbi kwenye shina, yashike unyevu.

Chakula. Usimlishe mgonjwa aliyezimia. Ngoja mkuki usogee kwanza, halafu tia samadi iliyooza na majivu ya jikoni, kwa duara, hatua moja kutoka kwenye shina. Majivu yana madini ambayo mnazi huyapenda kwa kuzaa.

MAADUI WAWILI WANAOKUJA BAADA YA UPEPO

Wa kwanza ni yule mdudu mweusi mwenye pembe, anayeitwa chonga sehemu nyingi. Anatoboa moyo usiku na kula makuti yakiwa bado yamekunjwa. Kuti likifunguka unaliona limekatwa kama kwa mkasi, umbo la pembe tatu. Huyu hazai kwenye mnazi mzima. Anataga kwenye magogo yaliyooza na kwenye marundo ya samadi. Kimbunga kinapoangusha minazi mia moja, kinamjengea nyumba mia moja. Kwa hiyo magogo yaliyolala yasikae. Yapasueni yawe mbao, kuni au nguzo, na yanayobaki myachome. Mashina yaliyosimama bila kichwa nayo ni ya kuangusha. Kwenye minazi midogo, chunguza matundu, mtoe mdudu kwa waya wenye ndoana, kisha tia mchanga uliochanganywa na majivu kwenye makwapa ya makuti.

Wa pili ni ugonjwa wa kuua minazi. Upo pwani ya Msumbiji, Cabo Delgado ikiwemo, na pwani ya Tanzania pia. Umemaliza mashamba makubwa kule Zambezia. Watu wanauchanganya na madhara ya upepo, basi angalieni tofauti. Upepo unaunguza makuti yote kwa wakati mmoja, kisha moyo unatoa jipya. Ugonjwa unaanza kwa kuangusha nazi changa, maua yanakuwa meusi, halafu umanjano unaanzia makuti ya chini na kupanda polepole, mwisho mkuki unaoza na kichwa kinadondoka. Mti huo hauna dawa. Kata, choma kichwa chake, na usichukue mche hapo kupeleka kijiji kingine. Ukiwa na shaka, mwite bwana shamba wa wilaya.

NA BUSTANI JE?

Mgomba. Uliokatika usiuhurumie, hautapona huo. Kata shina chini, chagua machipukizi mawili yenye majani membamba kama upanga, mengine ng'oa. Karibu mwaka mmoja utakula ndizi.

Mpapai. Ukivunjika, mara nyingi ni rahisi kusia mbegu upya. Usipande pale maji yalipotuama, mizizi yake inaoza upesi.

Mkorosho na mwembe. Tawi lililochanika likate vizuri kwa msumeno, karibu na shina lakini bila kulijeruhi. Mkorosho ulioanguka nusu unaweza kukatwa ubaki urefu wa kiuno. Utachipua, nawe chagua chipukizi mbili tatu zenye nguvu. Msikimbilie kuchoma mkaa.

Muhogo. Huu hausubiri. Maji yakituama, mizizi inaoza ndani ya siku chache. Chimbeni upesi, menyeni, kausheni, na mtunze vijiti vya mbegu kivulini. Lakini hapa, akina mama, tafadhali sana: muhogo mchungu usiharakishwe hata kama watoto wanalia. Mwaka 1981 kule Nampula, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000, wengi wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha. Wenyeji waliuita mantakassa. Loweka siku zake zote, anika mpaka ukauke kabisa.

Bustani iliyoingiwa na maji ya bahari. Usipande maharage kwanza, hayapendi chumvi hata kidogo. Chimba mifereji, acha mvua ioshe udongo, changanya samadi. Jaribu kipande kidogo cha mchicha. Ukiota vizuri, endelea na mengine.

Mboga za haraka kama mchicha, kunde za majani na majani ya maboga ndizo za kuanzia. Mnazi unafikiria mwakani, lakini tumbo linafikiria leo.

MTI NI SHAHIDI

Sasa nirudi kwa kijana wa jirani yangu. Nilimwambia mama yake kwamba kuna jambo moja zaidi ya nazi.

Pwani yetu mnazi ni wa aliyeupanda na wa watoto wake. Wazee wanaonyesha mpaka kwa minazi: "kutoka ule uliopinda mpaka ule wa kisimani." Vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Quissanga ilivamiwa Machi 2020, Palma Machi 2021. Mamia ya maelfu walikimbia, wengi wakiacha karatasi, na wengi karatasi hawakuwa nazo tangu mwanzo. Sasa wengine wanarudi, na maswali yameanza: hapa ni pa nani? Ukiukata mnazi wa marehemu baba kwa bei ya gogo, umeuza pia ushahidi wako. Na shahidi huyo hasemi uongo wala hapokei chai.

Kwa hiyo jibu tulilompelekea kijana lilikuwa hili. Kwanza, kabla ya kufyeka kichaka, aulize wenyeji waliotangulia na viongozi kama njia na shamba ni salama. Kitu cha chuma asichokijua asikiguse. Pili, usio na kichwa auuze gogo, tena upesi, maana ni nyumba ya chonga. Hela ya leo leo ataipata hapo. Tatu, uliopinda, kama una mkuki wa kijani, auache na kuurundikia udongo. Nne, ile mitatu iliyokatwa makuti si maiti, imeliwa na mdudu. Asafishe magogo yanayooza jirani, atie majivu, aandike tarehe, asubiri makuti matatu. Tano, apande miche chini ya minazi ya zamani sasa hivi mvua zinapoanza, kwa nazi za mti wenye afya uliozaa sana.

Kijana alinung'unika kidogo. Ati miezi mitatu ni mingi. Mama yake akamjibu: "Sisi tuko huku kambini miaka mingapi? Miezi mitatu itakushinda?" Akanyamaza. Siku mbili baadaye alituma ujumbe: gogo moja limeuzwa, manne yapo.

Mtaniuliza, na ile sita ya bibi? Februari 2020 mmoja wao ulitoa karara la kwanza tangu kimbunga. Bibi alituita wote tukaangalie. Mwezi uliofuata tukakimbia. Nazi zile hatukuzila sisi. Bibi alifariki tukiwa ugenini. Lakini jamaa aliyepita huko ametuambia mitano bado imesimama na inazaa, na chini yake nazi zilizoanguka zimeota zenyewe, miche imejaa kama shule.

Vimbunga havijaisha. Chido kilipiga Mecúfi tarehe 15 Desemba 2024 na kuua watu wengi. Kila mwaka Novemba hadi Aprili tunatazama mbingu. Basi familia ziongee mapema: makuti makavu na nazi zilizokomaa zishushwe kabla ya msimu, mbegu na vijiti vya muhogo viwekwe mahali pa juu, na watoto wafundishwe kwamba mti ulioungua majani haujafa mpaka moyo wake uthibitike umekufa.

Zungumzeni nyumbani jioni hii: Miti yetu tuliyoiacha ni mingapi, iko wapi, na nani aliipanda? Waandikeni watoto kwenye daftari mti kwa mti, na majirani wa mpaka. Wazee wakiondoka, orodha hiyo itabaki.

Subira yavuta heri, jamani. Tukutane mwezi ujao kwenye ukurasa huu huu, tukijaliwa.